Unga Mweupe na Mikono ya Mama

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa letu, huko milimani juu ya Wundanyi, hajawahi kukutana na ugonjwa asioujua. Ukikohoa, anajua. Ukichechemea, anajua, na anajua pia ulikuwa ukitoka wapi ulipojikwaa. Kwa hiyo mikono ya mama yangu mzazi ilipoanza kubadilika rangi, hakuhitaji daktari wala kipimo. Aliitazama mara moja, kwenye mazishi, mbele ya masufuria yanayochemka na wanawake kumi na wawili wenye masikio makali, akatoa hukumu yake palepale. Mama alikuwa anajipaka mkorogo, yale makrimu ya kujichubua ili mtu awe mweupe.

Mama yangu huyu ni mjane wa miaka sabini na ushei. Tangu nizaliwe sijamwona na kipodozi chochote isipokuwa kopo moja la mafuta ya mgando, yale aliyotupaka sisi watoto tulipokuwa tukienda shule hadi magoti yakang'aa. Ati ni uzeeni ndipo amekumbuka kutafuta weupe. Na hata mwongo hodari huangalia kwanza kabla ya kusema. Mikono ya mama haikuwa imegeuka myeupe. Ilikuwa myeusi tititi kuanzia vidoleni hadi juu kidogo ya kifundo, ikakauka na kupasuka kama ukoko wa ugali uliosahauliwa motoni. Lakini jambo likishasemwa na mwenyekiti, watu hawana tena kazi ya kuangalia.

Kwetu chakula cha msiba hakipikwi na watu wa kukodiwa. Wanawake huja na kuni zao na unga wao, na katikati yao huwapo mmoja anayeshika mwiko mkubwa wa kusonga ugali. Huyo ndiye anayesema maji yametosha, chumvi imepungua, kundi gani la wageni lile kwanza. Mwanamke haombi kushika mwiko huo. Hupewa, na akishapewa hanyang'anywi mpaka nguvu zimwishie mwenyewe. Mama aliushika zaidi ya miaka thelathini. Aliwapikia waombolezaji wa mazishi ya mume wake mwenyewe, kwa sababu alisema hakuna aliyejua kusonga ugali wa kutosha watu wote wale, na nadhani pia kwa sababu hakutaka kukaa chini alie.

Siku hiyo ya hukumu ya mwenyekiti waliuchukua mwiko. Mwenyekiti alimwambia kwa upole apumzike, akae pale kwenye viti na wageni. Mama akaketi kwenye kiti cha plastiki, mikono yake ameifunika kwa leso. Chakula kilipoiva, kila mtu alipewa sahani ya bati, naye akaletewa chake kwenye sahani ya karatasi, ile ya kutupwa.

Sikuwapo. Nilikuwa Voi, ninakofundisha shule ya msingi, nikisahihisha mitihani. Habari yenyewe niliipata kwa mwenyekiti, maana alinipigia simu jioni hiyohiyo, kwa sauti ya pole iliyopakwa asali. Alizunguka sana, akauliza watoto, akauliza mvua, kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Mwalimu, mwambie mama aache hayo mafuta," akasema. "Watu wanaogopa kula."

Nilikaa na simu mkononi, hasira imenipanda hadi masikioni. Kuna matusi ambayo mtu anaweza kuyarudisha, lakini hilo lilikuwa limefungwa kwa utepe wa huruma na sikujua nilishike wapi. Nilijua jambo moja tu. Mama bila mwiko ule ni mwanamke mzee anayeishi peke yake mlimani, na anaelewa hivyo.

Jumamosi hiyo nikapanda kwetu, na nikapanda na mzigo wangu wa kawaida. Inabidi niueleze mzigo huo, ingawa ningependa kuuruka.

Miaka yote niliyokaa Voi, mama alinitumia kiondo kila Jumamosi asubuhi. Alikikabidhi kwa kondakta wa gari la kwanza, nami nikapigiwa simu nikachukue mzigo stejini. Ndani yake mlikuwa na maharagwe, na katikati ya maharagwe mayai yamezikwa yasivunjike. Juu yake njugu kwenye kikaratasi, avokado, ndizi, mnavu uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Wakati mwingine kuku, miguu imefungwa, ananitazama kama mtu aliyedanganywa nauli. Nami sikukirudisha kiondo kitupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi hivihivi. Mkono mtupu haulambwi. Nilimtilia sukari, majani ya chai, kopo la mafuta yake ya mgando, na juu ya yote, unga wa gredi wani.

Unga huo, kwa asiyeujua, unauzwa kwenye vinu vya mjini kwa kupimwa kutoka kwenye gunia. Mahindi hukobolewa, yakachekechwa, yakachekechwa tena, mpaka kilichobaki kinashindana na chaki. Mama zamani alikuwa akisagisha mahindi yake mwenyewe, na ugali wake ulikuwa wa kijivujivu, wenye pumba, unaokwaruza koo. Mimi ndiye niliyeamua kwamba mama wa mwalimu hawezi kula pumba. Nilimpelekea unga mweupe nikajiona mwana mwema, na kwenye chumba cha walimu, saa ya chakula cha mchana, nilifungua maharagwe yangu na yai langu la kuchemsha nikiwaambia wenzangu kwamba mimi chakula cha sokoni sikijui, mama yangu hunitumia kisichopuliziwa dawa. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza ngozi yangu naipaka nini hata ikawa laini hivyo. Nikacheka kwa madaha, nikamwambia ni asili.

Basi nilifika. Mama alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu saa sita ya mchana, na jua la mlimani, ijapokuwa hewa ni baridi, linachoma vizuri tu. Nilimwambia alivue, akakataa kwanza, kisha akavua. Mikono ilikuwa vile nilivyosema. Shingoni palikuwa na ukanda mweusi uliozunguka mbele, kufuata shingo ya gauni lake, kana kwamba mtu alimvisha mkufu wa masizi. Miguuni, juu ya nyayo, weusi uleule, isipokuwa mistari miwili iliyokuwa safi mahali mikanda ya ndara ilipokaa. Niliuliza kama panauma. Akasema panawaka akitoka juani, lakini si sana. Chai aliiacha hadi ikapoa kabisa ndipo akainywa, kwa sababu ulimi ulikuwa unamwasha.

Aliniuliza shule zinafunga lini. Nikamjibu. Baada ya kitambo akaniuliza tena, nikamjibu tena, na nikajisemea kimoyomoyo kwamba uzee nao umebisha hodi. Ndivyo nilivyokuwa hodari wa kutambua mambo. Mwenyekiti alisema mkorogo, mimi nikasema jua na uzee, na sioni ni kwa kipimo gani nilimzidi akili. Nilipiga picha za mikono kwa simu, nikala alichonipikia, maharagwe na mnavu, yeye akisema ameshakula. Jioni nikashuka Voi na ndizi begani.

Voi kuna kijana mwenye duka la dawa ambaye huvaa koti jeupe hata Jumapili. Nilimwonyesha picha. Alizitazama kwa muda ambao mtu hutazama bei ya nyanya, akanipa tyubu ya dawa ya fangasi. Wiki mbili baadaye nikamwambia hali ni ileile, akanipa tyubu nyingine, kali zaidi, na sabuni yake. Mara ya tatu akasema ni aleji, akataka kujua mama anafulia sabuni gani na maji ya wapi. Aliuliza kuhusu sabuni, maji, nguo, paka, hata blanketi. Juu ya kile kinachoingia mdomoni hakuuliza neno, kwa sababu hakuna tyubu ya kuuza huko. Huyo angeweza kuliuzia jiwe dawa ya upele, na jiwe lingeshukuru.

Dawa zote hizo nilizipandisha mlimani ndani ya kiondo, pamoja na unga. Mama alipaka kwa utiifu. Ngozi ikavimba, ikapasuka, ikatoa majimaji, na harufu ya dawa ikawapa watu ushahidi waliokuwa wakiutafuta.

Kisha ikaja Jumapili ambayo kikundi cha akina mama kilikwenda kumwombea. Walikwenda wanne, mwenyekiti akiwa mbele. Waliimba, wakaomba, wakamwekea mikono, ingawa mikono yenyewe waliiweka hewani, karibu na kichwa, isimguse. Walipomaliza, mwenyekiti akauliza mafuta yako wapi. Mama akaonyesha kopo lake la mafuta ya mgando. Mwenyekiti alilibeba kwa ncha za vidole kama anabeba panya, akaenda akalitumbukiza chooni, na wenzake wakasema amina. Wakamwambia mama asihangaike kufika jikoni hata kwenye sikukuu ya mavuno, apumzike mpaka Mungu atakapomsafisha.

Haya aliniambia mwenyewe kwa simu, akilia. Mama yangu halii. Nilimsikia akivuta pumzi na kuanza sentensi upya, nikamwambia tu nitakuja. Nilipofika Jumamosi nilimkuta amekaa kizingitini. Alinisalimu vizuri, akaniuliza watoto, akaniuliza kazi. Kisha akaniuliza kama nimepishana na baba njiani, maana ametoka asubuhi na hajarudi.

Baba tulimzika miaka sita iliyopita, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mama alikuwa ameangalia aliponiuliza.

Hapo ndipo nilipoogopa. Niseme ukweli, mikono ilikuwa imenitia hasira na aibu, lakini hofu haikuwa imeniingia bado, kwa sababu ngozi ni ngozi, na kwangu lilikuwa jambo la watu kuona. Sasa niliona kwamba mama anaondoka, na kwamba anaondoka haraka. Nilimpigia simu mwalimu mkuu, nikaomba ruhusa ya Jumatatu, nikabaki palepale. Jumatatu asubuhi nikampeleka kwenye kituo cha afya.

Daktari alikuwa msichana wa juzi, nywele zimesukwa mistari, na nilipomwona nikaguna. Nilikuwa na pua ndefu hata nikiwa na shida. Yeye hakunijali. Alishika mikono ya mama kwa mikono yake, bila glavu, na sikumbuki mara ya mwisho mtu kuishika hivyo. Akaigeuza, viganja vilikuwa safi. Akapandisha mkono wa sweta, akaona weusi ulivyokatika ghafla kama umepimwa kwa rula. Akafungua kola. Akatazama miguu na ile mistari ya ndara. Akamwambia mama atoe ulimi, na ulimi ulikuwa mwekundu, laini, kama nyama iliyochunwa. Akauliza tumbo. Mama akanitazama mimi kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba anaharisha, ni miezi miwili sasa. Mimi nilikuwa sijui.

Kisha yule msichana akauliza swali ambalo sisi wajuzi wote, mwenyekiti, mwenye duka, nami mwalimu, hatukuwahi kulifikiria.

"Nyanya, jana ulikula nini?"

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesomewa shtaka na ana shahidi, kwamba jana alikula mayai mawili asubuhi. Mchana maharagwe na mnavu. Jioni njugu kidogo, avokado na ndizi. Juzi vilevile. Daktari aliandika, akakunja uso, akasimamisha kalamu. Nilitaka kumwambia, unaona, chakula si tatizo, kwetu kuna chakula. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Lakini hiyo siku ya jana nilikuwa nyumbani kwake. Mayai sikuyaona. Mchana alinipakulia maharagwe sahani moja akasema yeye ameshakula, na mimi nikala. Na hizo njugu, avokado, ndizi na mayai nilivijua. Nilikuwa nimevipakua kwa mikono yangu Jumamosi ya wiki iliyotangulia, jikoni kwangu Voi. Mama alikuwa anamsomea daktari kiondo changu.

Naandika haya ili nijicheke, lakini kicheko hakiji. Nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya moja kwa moja, na niliipima nafasi hiyo, sitaki kudanganya. Daktari angetuandikia barua tukamwone mtaalamu wa ngozi mji mwingine, mama angehifadhi heshima yake, nami yangu. Mimi hufundisha Gredi ya Tano, na miongoni mwa masomo yangu ni Kilimo na Lishe. Nimechora kwa chaki za rangi, mwaka hadi mwaka, vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kukinga mwili, na nikawachapa watoto wa watu kwa alama ndogo walipochanganya yai na ugali. Mganga hajigangi, wanasema wahenga, lakini hawakusema lolote kuhusu mganga anayemla mgonjwa.

"Daktari," nikasema, "hivyo vyote viko kwangu."

Mama alinigeukia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona, kama nimemvua nguo sokoni. Daktari hakushangaa. Alirudia swali lake polepole, akataka jibu la jikoni, si la kitabuni. Mama akasema ugali. Na nini? Na chai. Ya maziwa? Ya rangi, maana ng'ombe aliuzwa baada ya msiba wa baba. Na mboga? Kabichi, ikiwapo. Tangu lini? Tangu mvua iliyopita. Mvua hiyo ilikuwa ya kubahatisha, maharagwe yakatoka machache, kuku nao wakapungua kwa ugonjwa. Mavuno yalitosha sufuria moja, yangu au yake, naye hakuona kwamba hapo kuna jambo la kufikiria.

Daktari akauliza kwa nini hakubakiza hata kidogo.

"Mtoto hatumiwi kikapu kitupu," mama akamjibu, kwa mshangao wa kweli. "Na yeye huniletea unga. Unga mzuri, mweupe."

Yule msichana alitueleza, na alieleza vizuri kuliko ninavyofundisha. Ugonjwa unaitwa pelagra. Mwili wa mama umekosa vitamini moja, niasini, ambayo imo kwenye mayai, nyama, samaki, njugu na maharagwe. Mahindi yana kidogo sana, na hicho kidogo mwili hauwezi kukitoa, na ukishakoboa na kuchekecha unabaki na wanga mtupu. Ngozi ikikosa vitamini hiyo haiwezi kustahimili jua, ndiyo maana inaungua pale tu jua linapofika, mikononi, shingoni, miguuni, na panapofunikwa na nguo panabaki salama. Halafu ugonjwa huingia tumboni. Halafu huingia kichwani. Alisema kwamba ukiachwa huua, na alisema hivyo akinitazama mimi. Akaongeza kwamba zile tyubu zote tuzitupe, kwa sababu huu si ugonjwa wa kupaka dawa.

Niliomba ruhusa tena shuleni, nikabaki na mama wiki nzima. Alimeza vidonge, nami nikapika kimanga kama alivyotupikia tukiwa wadogo, maharagwe na mihogo vimepondwa pamoja, na mayai nikayanunua kwa jirani. Ulimi ulipoa siku ya tatu, akaanza kunywa chai ya moto tena na kulalamika kwamba nakoroga vibaya. Kabla ya mwezi kwisha hakumwulizia baba tena, isipokuwa siku moja aliponiambia waziwazi kwamba anamkosa, na hilo lilikuwa la mtu mwenye akili zake. Ngozi ya mikononi ilibanduka vipande vipande, na chini yake ikatoka ngozi mpya, laini, ya rangi yake mwenyewe.

Kanisani, mwenyekiti alisimama kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi kikundi kilivyokwenda kwa ujasiri, kikaing'oa sumu ndani ya nyumba na kuitumbukiza chooni, na tangu saa ile mama akaanza kupona. Aliinua mkono wa mama juu uonekane. Sasa aliushika bila wasiwasi, tena kwa nguvu, kama mtu aliyeshinda mbuzi kwenye bahati nasibu. Watu wakapiga vigelegele, na mbele ya wote akatangaza kwamba mwiko utarudi kwa mwenyewe siku ya mavuno.

Nilitaka kusimama. Miguu ilikuwa imeshajikaza. Nilikuwa na maneno yangu tayari, kuhusu wajinga wanaoombea mafuta ya mgando, kuhusu sahani ya karatasi, kuhusu mwanamke mzima asiyejua kutofautisha mweusi na mweupe. Lakini ningesema ugonjwa ulikuwa njaa, wangeuliza njaa ya nini, na mtoto wake ni mwalimu. Wangeuliza maharagwe yalikuwa wapi. Nikakaa, nikapiga makofi pamoja nao, na nadhani nilipiga kwa nguvu kuliko wengi.

Nilimkataza mama kunitumia kitu chochote tena. Nilimwambia kwa ukali, nikamwapisha, akasema sawa. Jumamosi ya kwanza haikuja simu kutoka stejini, nikashukuru. Ya pili vilevile. Jumamosi iliyofuata sikukuu ya mavuno, siku chache baada ya kusonga ugali wa kanisa zima na kurudi nyumbani akiimba, kondakta akanipigia. Kiondo kilikuwa kimejaa pomoni, mayai ndani ya maharagwe, kama kawaida.

Sikukifungua nyumbani. Nilikipakia kwenye gari la kurudi, nikapanda nacho mimi mwenyewe mpaka kwetu, na nilipoingia nilikitua mbele yake kwa kishindo. Nilimwuliza kama anataka kufa. Nilimwuliza kama daktari alizungumza na ukuta. Mama alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Si nimepona?" akasema.

Niliwasha moto, nikachemsha yai moja, nikalimenya, nikaliweka kwenye sahani mbele yake, nikavuta kigoda nikaketi hapo hapo kama askari. Nikamwambia siondoki mpaka alile lote nikimwona. Akacheka, akalishika kwa ile mikono yake mipya, akaligawa mara mbili. Hazikuwa nusu sawa. Alitia chumvi kwenye kile kipande kikubwa, chenye kiini chote, akaninyooshea, akaniuliza hali ya barabara na kama mvua imefika Voi. Nilimjibu kwamba haijafika, na nilipomaliza kujibu nilikuwa nimeshakimeza.